Asubuhi inateleza, mchana inavuta

Alfajiri ya Julai huko Njombe, hewa iko chini ya nyuzi 10. Gari dogo la Kijapani la miaka ya 1990 linawashwa, dereva anaweka D, gari halitoki. Anakanyaga mafuta, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, magurudumu yametulia. Sekunde chache baadaye giaboksi inashika kwa kishindo. Mlimani, gia ya pili ikitaka kuingia ya tatu, injini inapiga kelele bure kabla gari halijavuta. Ikifika saa tatu, kila kitu kimepata joto ndani ya boneti, na gari linakwenda kama halijawahi kuumwa.

Wengi wakisikia habari hiyo hutoa hukumu papo hapo: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Mimi nasema haijafa. Giaboksi inayoteleza ikiwa ya baridi na kupona ikipata moto inataja ugonjwa wake waziwazi, na mara nyingi mgonjwa ni pete ya mpira ambayo dereva hataiona maisha yake yote.

Gari la otomatiki halina pedali ya klachi, lakini lina klachi kadhaa ndani ya madrumu ya giaboksi. Kila moja ni rundo la sahani za chuma zilizopishana na diski zenye bitana, zote zikiogelea kwenye oili. Nyuma ya rundo kuna pistoni, na kwenye kingo za pistoni zimevishwa pete za mpira. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, valvu inafungua njia, oili inaisukuma pistoni, pistoni inabana sahani na diski ziwe kitu kimoja. Hapo ndipo gia imeshika. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota za zama hizo, presha hiyo ni kama kilo 4 kwa sentimita ya mraba gari likiwa kwenye D na injini iko kwenye silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Pete ikivujisha, pistoni inabana kwa unyonge, na diski zinasuguana badala ya kushikana. Ni kama pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake imekauka: unasukuma kwa nguvu zote, upepo unarudi pembeni.

Mpira huzeeka kwa joto. Miaka ndani ya oili ya moto huufanya uwe mgumu na usinyae, na ule mdomo wake mwembamba unaotakiwa kuegemea ukuta wa drumu hupoteza unyumbufu. Chukua pete iliyotolewa kwenye giaboksi ya miaka 25, ikunje kwa vidole viwili. Itapasuka kama ganda kavu, wakati mpya inajikunja na kurudi. Baridi huikaza zaidi pete iliyozeeka. Oili ikifika nyuzi 70 au 80, mpira unalainika na kutanuka kidogo, mwanya unazibika, presha inarudi. Ndiyo maana gari "linapona" kila siku baada ya kifungua kinywa.

Giaboksi inayoteleza ikiwa ya moto ni kesi tofauti kabisa. Hapo oili imekuwa nyepesi na inapenya kwenye pampu iliyolika au valvu zilizolegea, ama diski zenyewe zimekwisha. Fundi ambaye hajauliza "ya baridi au ya moto?" hajaanza kazi.

Kuna pia kelele ya asubuhi isiyo ugonjwa. Injini ikiwa baridi, kompyuta huipandisha silensa makusudi, huzuia ovadraivu (gia ya juu kabisa), na hukataza konveta, kile chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi, kujifunga mpaka joto lipande. Mizunguko itakuwa juu kuliko ulivyozoea. Tofauti ni hii: katika kuteleza, mshale unaruka ghafla bila gari kuongeza mwendo.

Kabla ya kulaumu pete, tazama oili. Ikipungua, asubuhi inakuwa imesinyaa kwa baridi, na pampu hunyonya hewa pamoja nayo. Ikipata joto inatanuka, kimo kinapanda, tatizo linafifia. Dalili zinafanana kabisa na za pete mbovu, na tiba yake ni ya bei ndogo. Kwenye Toyota yenye stiki ya kupimia oili, pasha gari moto kwa safari, simama mahali tambarare, pitisha leva ya gia taratibu kwenye nafasi zote, rudi P, kisha pima injini ikiwa inaunguruma, ukisoma alama ya HOT. Honda nyingi hupimwa injini imezimwa. Usijaze kupita kiasi, maana oili ikichapwa na vyuma hutoa povu, na povu halisukumi pistoni. Oili hii ilitiwa rangi nyekundu ili ikivuja isichanganywe na ya injini. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, diski zimeshaanza kulika.

Mshukiwa mwingine ni konveta inayomwaga oili yake usiku kucha. Ukiwasha, iache N kwa dakika moja, ndipo uweke D. Ikishika vizuri na isiteleze tena njiani, konveta ilikuwa tupu tu. Dakika moja haitoshi kulainisha pete.

Kama bado inateleza, sikiliza ni gia zipi. Katika giaboksi nyingi za Toyota za gia nne, klachi moja hufanya kazi kwenye rivasi na pia kwenye gia ya tatu. Gari linalochelewa kurudi nyuma asubuhi na pia kuteleza likiingia ya tatu linanyooshea kidole drumu la klachi hiyo. Kwa vipimo vya Toyota, kutoka N kwenda D giaboksi yenye joto lake inapaswa kushika chini ya sekunde 1.2, na kwenda R chini ya 1.5. Pima pia ya baridi, uone pengo.

Zipo chupa za dawa zinazovimbisha mpira, na huweza kukupa muda. Lakini kila asubuhi ya kuteleza inachoma diski kidogo, na kazi ya kubadilisha pete inageuka kuwa kazi ya kubadilisha kila kitu.

Linaloniuma zaidi ni giaboksi ya mtumba. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hata lile linaloshushwa Mombasa leo linaweza kuwa na mpira wa miaka saba. Giaboksi iliyotolewa kwenye gari la umri wa lako ina pete za umri uleule, na huenda imekaa dukani ikikauka. Unalipa pesa nyingi kununua ugonjwa ulionao.

Afadhali kuifungua yako na kuweka seti mpya ya sili na gasketi, pamoja na diski kama zimechakaa. Angalia sumaku zilizo chini ya sampo: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida. Pete mpya zipakwe oili ya giaboksi kabla ya kuvishwa, diski mpya ziloweshwe kwanza, na kabla drumu halijarudi mahali pake, fundi apulize hewa ya kompresa kwenye tundu la oili. Pistoni ikigonga na kubaki imebana, pete imekaa sawa. Ikisikika hewa ikifoka pembeni, mdomo wa pete umejikunja au umechanika wakati wa kuvishwa, na drumu lifunguliwe tena hapohapo mezani.