Fahamu: Charles Ogletree, wakili aliyegeuka mwalimu wa sheria

Aghalabu watu hudhani kwamba profesa wa sheria ni mtu wa vitabu tu, asiyepata kusimama karibu na mshtakiwa anayetetemeka kizimbani. Walakini Charles Ogletree, Mmarekani mweusi aliyezaliwa California mwaka 1952 kwa wazazi mafukara waliokuwa vibarua wa mashambani, alipohitimu Harvard mwaka 1978 hakuiendea mishahara minono, bali alijiunga na idara ya Washington inayowatetea bila malipo washtakiwa wasio na uwezo wa kuajiri wakili. Huko ndiko alikojifunza kumdodosa shahidi kwa maswali mafupi yasiyompa mwanya wa kukwepa, na kuwasemesha watu 12 wa baraza la waamuzi, ambao kwa kauli yao mtu hurejea kwa wanawe ama hupelekwa gerezani.

Katikati ya miaka ya 1980 alirudi Harvard kufundisha, na mwaka 1990 akaasisi taasisi ambamo wanafunzi, wakisimamiwa na mawakili wazoefu, huwatetea washtakiwa halisi. Na hili, kwa rai yangu, ndilo jambo adhimu kuliko yote aliyoyatenda, hata kuliko kuwafundisha Barack na Michelle Obama.

Wala hakuiacha kazi ya uwakili. Mwaka 1991 alimsimamia Anita Hill, mwanamke aliyemtuhumu jaji aliyeteuliwa kujiunga na Mahakama ya Juu kwamba alimnyanyasa kijinsia, mbele ya kamati ya Baraza la Seneti, na mwaka 2003 akawadaia fidia manusura wa mauaji ya Wamarekani weusi yaliyofanywa na umati wa wazungu mjini Tulsa mwaka 1921, dai ambalo mahakama zililikataa kwa hoja kwamba muda wake umepita. Alifariki mwaka 2023.