Sabuni ya Kunyolea Ndevu: Anza na Gramu 100

Wengi wetu hunyoa ndevu kwa sabuni ile ile tunayofulia ovaroli. Mshahara ndio ulioamua hivyo. Lakini povu la sabuni ya kufulia hukauka upesi, wembe hukwaruza, na shingo hubaki na vipele. Sabuni ya kunyolea hutakiwa itoe povu zito lenye maji, likae usoni mpaka wembe umalize kazi.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yaliyoanza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, kutengeneza sabuni ni kazi inayojulikana. Tangu mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi mwaka 2023, wenye kutegemea kazi ya mikono wamezidi kubanwa. Anayetaka kuuza sabuni ya kunyolea mjini Mbarara hawezi kuharibu jerikani nzima ya mafuta kwa majaribio. Kwa hiyo tunashauri ajaribu kwa gramu 100 tu za mafuta.

Mali ghafi ipo. Ankole ni nchi ya ng'ombe, na mafuta mazito ya ng'ombe hupatikana kwa wachinjaji. Yayeyushe na kuyachuja. Hayo ndiyo yanayolipa povu uzito. Chukua gramu 80, uongeze gramu 20 za mafuta ya nazi ili povu litoke upesi. Nazi ikizidi, ngozi hukauka. Kostiki soda inayohitajika ni gramu 14; hapo mafuta kidogo hubaki bila kuliwa na kostiki, nayo ndiyo kinga ya ngozi.

Hapa ndipo penye hatari. Katika mpiko wa kilo 10, gramu moja ya kostiki iliyozidi haina neno. Katika gramu 14, gramu moja ni karibu asilimia 7, na kinga yote imekwisha. Mizani ya sokoni haioni gramu moja. Basi fanya hivi: pima gramu 200 za maji, umimine ndani yake gramu 100 za kostiki polepole (kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki). Kila gramu 3 za maji hayo zina gramu moja ya kostiki. Yakipoa, pima gramu 42 kwa mizani ndogo ya dijitali. Ukikosea gramu moja sasa, umekosea theluthi tu.

Usitumie sufuria ya alumini, kwani kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, vaa glavu na miwani. Maji yanayobaki yasiwekwe katika chupa ya soda hata siku moja. Mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko. Yafungie mahali pa juu.

Wazee walitumia majivu ya maganda ya ndizi, na Mbarara maganda ya matoke hayakosekani. Yana potashi, inayofanya sabuni iwe laini na ipokee maji upesi. Lakini ukali wake hubadilika kila mara, kwa hiyo usianze nayo. Ukipata potashi kali ya dukani, weka gramu 21 za yale maji ya kostiki, na gramu 10 za potashi zilizoyeyushwa katika gramu 20 za maji.

Koroga mafuta ya vuguvugu pamoja na maji ya kostiki mpaka yawe kama uji mzito, mimina katika kikombe cha plastiki, andika tarehe na vipimo. Ngoja wiki 4. Ijaribu kwanza mkononi. Ikiwa haiwashi, nyoa shavu moja kwa sabuni mpya na la pili kwa ile ya zamani. Mpiko unaofuata badilisha kitu kimoja tu, kwa mfano gramu 5 za mafuta ya nyonyo badala ya gramu 5 za yale ya ng'ombe, ili ujue ni kipi kilicholeta tofauti.