James Otis: Mlumbi Aliyeshindwa Mahakamani

Mlumbi hutambulika kwa ustadi wake wa kutumia maneno kuiathiri hadhira. Je, maneno hayo hudumu vipi iwapo hayakuandikwa kikamilifu yalipotamkwa? Maisha ya James Otis, mwanasheria na mwanasiasa wa Massachusetts, yanatoa jibu linalostahili kuzingatiwa.

Otis alizaliwa mwaka wa 1725, akahitimu katika Chuo cha Harvard mwaka wa 1743 na kusomea uwakili chini ya Jeremiah Gridley. Akiwa mwanasheria wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, alitarajiwa kutetea hati zilizowaruhusu maofisa wa forodha kusaka bidhaa za magendo katika nyumba yoyote, bila kumtaja mshukiwa wala mahali. Badala yake alijiuzulu, akawatetea wafanyabiashara wa Boston.

Mnamo Februari 1761, Otis alihutubu kwa saa kadhaa mbele ya Jaji Mkuu Thomas Hutchinson. Aliyeitetea serikali alikuwa Gridley, mwalimu wake. Otis alishikilia kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na kwamba sheria inayokiuka katiba ni batili. Mahasimu wake walidai kuwa alisukumwa na kinyongo, kwani Hutchinson alipewa cheo ambacho babake Otis alikitarajia. Kesi ilishindwa, na hati zikaidhinishwa mwaka uo huo.

Hata hivyo, miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo John Adams, wakili chipukizi wa miaka 25 ambaye baadaye alikuwa rais wa pili wa Marekani. Siku hiyo alinakili vidokezo tu. Mnamo 1817, akiwa mzee, aliisimulia upya hotuba hiyo na kuitaja kuwa chimbuko la uhuru wa nchi yake. Kufikia wakati huo, marekebisho ya katiba ya mwaka wa 1791 yalikuwa yamekwisha kuagiza kwamba hati ya msako itaje bayana mahali panapopekuliwa.

Otis mwenyewe hakuyaona hayo. Alipigwa kichwani katika ugomvi na ofisa wa forodha mwaka wa 1769, na akili yake ikazidi kudhoofika. Aliuawa na radi mwaka wa 1783.

Ni dhahiri, basi, kwamba hotuba inayosifiwa leo ni zao la mlumbi na msikilizaji wake kwa pamoja. Anayeichambua hana budi kujiuliza ni wapi sauti ya Otis inapokoma na kumbukumbu ya Adams inapoanzia.