Ramani ya Koa: Nani Aliulizwa?

Nafundisha historia darasa la saba hapa Minnesota. Wanafunzi wangu wana miaka 12 na 13, umri ule ambao ukiwaambia kitu wanakurudishia, "Nani kasema?" Mimi swali hilo nalipenda, na sijaona kitu kinacholinoa kama ramani ya zamani.

Ninayoitumia zaidi ilichapishwa mwaka 1856. Waliichora wamisionari wawili wa Kijerumani waliokuwa Rabai, karibu na Mombasa: Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Katikati ya Afrika Mashariki wameweka ziwa moja kubwa mno, limejipinda kama koa, yule konokono asiye na nyumba. Ndiyo maana ikaitwa ramani ya koa.

Mwanzoni siwaelezi chochote. Nawagawia wawili wawili nakala yake pamoja na ramani ya leo, watafute tofauti. Vicheko vinaanza, nawaacha wacheke. Halafu nauliza: hawa mabwana waliliona hilo ziwa? Hawakuliona. Sasa walijuaje?

Waliuliza watu. Waliwasikiliza wafanyabiashara wa misafara, Waswahili, Waarabu na watu wa bara. Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa akikusanya habari hizo. Watu wa njia mbalimbali wote walisema ukienda bara utakuta maji makubwa. Basi wao wakayaunganisha, yakawa ziwa moja.

Hapo natoa penseli tatu za rangi. Chora njia ya kuelekea Nyanza. Chora ya Ujiji, mpaka Tanganyika. Chora ya kutoka Kilwa mpaka Nyasa. Wakimaliza, vicheko vimekwisha. Wanaona wenyewe kwamba wasafiri walisema kweli. Kosa limeingia kwa waliokaa kuunganisha, yaani unaweza kuwa na mashahidi wakweli na bado ukapata picha isiyo ya kweli. Somo hilo linawafaa hata kwenye habari za simu zao.

Mwaka 1856 Burton na Speke walitumwa kutoka London kwenda kuyatafuta maziwa hayo. Walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwomani aitwaye Snay bin Amir aliwafafanulia kwamba lile ziwa la ramani ni maziwa matatu. Speke mwenyewe ameyaandika hayo. Mwaka 1858 akafika Nyanza, akalipa jina la Victoria, na vitabu vikasema "ameligundua".

Mwanafunzi mmoja, wazazi wake wametoka Kongo, aliniuliza: "Kama Snay alijua tayari, aliyegundua ni nani?" Sikumjibu. Niliandika swali lake ubaoni, likawa ndiyo insha ya wiki ile.

Sisi tuliozaliwa huku tumesomeshwa historia ambayo kwetu palikuwa patupu mpaka mgeni alipofika. Ramani ya koa inavunja hadithi hiyo bila hotuba, maana yale maji yote yamo humo kwa sababu watu wetu waliyajua na wakayasema. Majina yao tu ndiyo hayakuchorwa.

Ramani hii ipo kwenye intaneti, na kuichapa ni bure kabisa. Una mdogo wako au mtoto wa dada yako anayesoma shule ya kati? Kaeni nayo mezani, na babu au bibi kama yupo, amtajie mtoto majina ya mahali anayoyajua. Kabla hamjauliza nani aliichora, ulizeni nani aliulizwa.