Riadha ya Jicho

Mji wa Eldoret, uliokaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, umepata sifa duniani kwa miguu ya wanariadha wake. Lakini si wengi waliotambua kwamba njia hizo hizo wanazokimbilia zaweza kuwa madrasa ya mpiga picha atakaye kujifunza kunasa mwendo wa kasi.

Taabu ya kazi hii hudhihirika kwa hesabu. Eliud Kipchoge, ambaye kambi yake iko Kaptagat, si mbali na mji huu, alipomaliza mbio za Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, alikuwa akienda karibu mita 5.8 kila sekunde. Kilango cha kamera kikifunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, mtu wa mwendo huo husogea kadiri ya milimita 6 tu, na picha hutoka safi. Kikiachwa wazi kwa sehemu moja ya 60, husogea karibu sentimita 10, na uso wake ukawa kama ukungu. Fauka ya hayo, jua la hapa huchomoza kadiri ya saa kumi na mbili na nusu, hali wakimbiaji aghalabu wamekwisha kutoka, hata mpiga picha akajikuta anataka kasi ya kilango ambayo nuru ya alfajiri haimruhusu.

Hapo ndipo hufaa ustadi wa kufuatisha: asimame imara, azungushe kiuno sawasawa na mwendo wa mkimbiaji, abonyeze huku akizidi kugeuka, wala asikome baada ya kubonyeza. Akipatia, uso utabaki dhahiri, na mikaratusi iliyo nyuma itageuka mistari.

Lakini kupatia hakuji kwa kusoma. Mkimbiaji hodari hupiga hatua zipatazo tatu kila sekunde, na baina ya hatua na hatua kuna lahadha ambayo miguu yote miwili imeacha ardhi. Mwenye kungoja mpaka aione ndipo abonyeze, amekwisha kuikosa. Hana budi kuitambua kabla haijafika, na utambuzi huo ni matunda ya mazoea.

Basi na achague mahali pamoja kando ya njia, pasipozuia wapitao, aombe ridhaa ya wakimbiaji wenyewe, arudi hapo asubuhi baada ya asubuhi. Juma la kwanza afuatishe tu. La pili alenge jiwe moja barabarani na kumngoja mkimbiaji alifikie. Kisha jioni azitazame picha zote, mbovu kwa nzuri, aandike daftarini kosa la kila moja. Wale wanaompita mbio hawakupewa kasi yao kwa siku moja, bali waliamka kabla ya jua miaka mingi. Na jicho nalo, likiamshwa vivyo hivyo, hujifunza kukimbia pamoja nao.