Mo Amin: kamera yake ilifika Korem, kwetu Walikale hakuna iliyofika

Juma lililopita jioni, pale wanapouza kinywaji karibu na mashimo ya Omate, mwenye grupu alituwekea wimbo wa zamani wa wanamuziki wa Amerika, We Are the World. Vijana walikuwa wametoka tu shimoni, matope bado mwilini, wakaanza kuimba maneno wasiyoyajua. Nikauliza: munajua huu wimbo ulitokea wapi? Mmoja akasema: "Mukubwa, si ya Michael Jackson?" Nikamujibu ndiyo, yeye na Lionel Richie njo waliutunga, lakini bila mtu mmoja wa Nairobi, mpiga kamera, huo wimbo haungekuwako. Wakacheka. Walizani ni bia inasema.

Mtu huyo ni Mohamed Amin. Wenzake walimwita Mo tu. Tarehe 23 mwezi wa 11, 2016 ilitimia miaka 20 tangu alipokufa, na mimi sikusikia hata redio moja ya kwetu ikimutaja. Basi nimtaje mimi.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza kupiga foto angali mwanafunzi. Mwaka 1963 akafungua kampuni yake mwenyewe, Camerapix. Mwaka 1964 alipiga filimu ya mapinduzi ya Zanzibar, na miaka miwili nyuma yake wakamutupa gerezani kulekule kisiwani, karibu mwezi mzima, juu ya kamera. Alipotoka, aliendelea na kazi ileile.

Sisi watu wa sindika tuko na sababu yetu ya kumukumbuka. Tarehe 5 mwezi wa 7, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya mji wa Nairobi. Mboya alikuwa waziri, lakini kabla ya hapo alikuwa mkubwa wa masindika ya Kenya, mtu aliyepigania mshahara wa wafanyakazi. Mo alifika pale upesi, akaingia na kamera mpaka ndani ya ambulansi. Wengine watasema ni kukosa heshima kupiga mtu foto akiwa anakufa. Mimi pia nimefikiri hivyo. Lakini bila foto, kesho yake mkubwa fulani angeweza kusema jambo halikuwa hivyo.

Kazi iliyomujulisha dunia nzima ni ya Ethiopia. Mwezi wa 10 mwaka 1984 alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC. Watu walikuwa wamelala inje kwenye baridi, maelfu, njaa ikiwamaliza saa kwa saa. Tarehe 23 filimu ilionyeshwa Uingereza, kisha televisheni za inchi nyingi zikaichukua. Njaa ile haikuanza siku ile. Makaratasi ya kuomba musaada yalikuwa yamekwisha kuandikwa, yamelala mezani kwa wakubwa. Watu walipoona kwa macho, njo wakaamuka: wanamuziki wakaimba, na tarehe 13 mwezi wa 7, 1985 ikafanyika ile konseri kubwa ya London na Philadelphia. Ngano na dawa zikapanda ndege. Ni kweli, vita na siasa zilikula sehemu ya kazi ile. Lakini kuna watu wazima leo Ethiopia ambao wangekuwa wamezikwa wangali watoto.

Halafu ikaja 1991. Mwezi wa 6, mjini Addis Ababa, depo ya silaha ililipuka Mo akiwa kazini. Mwenzake aliyekuwa akishika sauti, John Mathai, alikufa palepale. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Ninaomba musome jina hilo mara ya pili: John Mathai. Mwenye kamera anajulikana, mwenye mikro hajulikani, kama vile kwetu pedeje wa shimo anajulikana na mwenye kubeba gunia hajulikani.

Mo alitengenezewa mkono wa bandia Amerika, akarudi kazini na kamera. Nikisoma hivyo ninafurahi, na palepale ninaona wivu. Ninamujua mwenzetu aliyepondwa mkono na jiwe. Mwenye shimo alimupa pesa ya njia, basi. Leo anauza unga wa mihogo kwa mkono mmoja, na bibi yake njo anafunga mifuko.

Kufa kwake, mumesikia labda. Alikuwa akirudi Nairobi toka Addis Ababa kwa ndege ya Ethiopian Airlines. Watu watatu waliiteka, wakamuamuru rubani awapeleke Australia. Rubani aliwaambia esanse haitafika, wakakataa kusikia. Ndege ikaishiwa, ikaanguka baharini karibu na pwani ya Komoro. Ndani mulikuwa watu 175, wakakufa 125. Waliopona walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, anasemezana na watekaji. Rafiki yake wa kuandika vitabu, Brian Tetley, alikufa naye. Na mutalii mmoja aliyekuwa pwani alipiga filimu ndege ikigusa maji. Hata kifo cha mpiga kamera kilikuta kamera.

Mwezi uleule, huku kwetu Zaire, kulikuwa vita. Mimi nilikuwa na miaka 22, tumekimbilia porini Walikale na redio ndogo yenye mawe yaliyokuwa yanaisha. Tarehe 15 kambi ya Mugunga ilifunguka, na wakimbizi wa Rwanda wakarudi kwao kwa barabara ya Goma, mamia ya maelfu. Kamera za dunia zilikuwa palepale, zikaonyesha. Siku ileile Umoja wa Mataifa ulikuwa umekubali kutuma askari chini ya Kanada. Lakini wakubwa walipoona watu wanarudi, wakasema basi, mambo yamekwisha. Askari hawakuja.

Wengine hawakurudi. Walikatisha Masisi, wakapita kwetu Walikale wakielekea Tingi-Tingi. Tuliwaona: miguu imevimba, mama na mtoto mgongoni aliyekwisha kukaa kimya. Wengi walikufa ndani ya pori, wengine kwa njaa, wengine kwa risasi. Na wenyeji pia. Umoja wa Mataifa ulitoa kitabu chake juu ya mauaji yale mwaka 2010, miaka 14 nyuma. Siku zile, kwenye njia ile, mimi sikuona kamera hata moja.

Nilipowasimulia haya, vijana waliacha kucheka. Kila mmoja wao yuko na simu ya kupiga foto. Wanapiga viatu vipya, wanapiga chupa. Shimo likibomoka tunafukua mwenzetu, tunamuzika, asubuhi tunashuka tena, na hakuna anayebaki na kitu cha kuonyesha.

Yule wa Michael Jackson akatoa simu yake. "Mukubwa, nianzie na nini?" Nikamwambia aanzie na miti inayoshika shimo lake, ile iliyooza. Akaangalia simu, akasema iko inakufa, atachaji kesho kwa mwenye grupu.