Barberton: Madalali waliondoka, mwoka mikate akabaki

Kilichobaki ni ukuta wa mbele tu. Umesimama kando ya Mtaa wa Pilgrim, mjini Barberton, Afrika Kusini, na zamani ulikuwa uso wa Soko la Hisa la De Kaap. Katika miaka ya 1880 madalali walipigia kelele hapa hisa za migodi. Baadhi ya migodi hiyo ilikuwa na dhahabu kweli, mingine ilikuwa jina tu lililoandikwa kwenye karatasi, na wanunuzi hawakukosekana kwa yote mawili.

Pa kuanzia matembezi ni hapa. Barberton ni mji mdogo uliokaa chini ya milima ya Makhonjwa, jimbo la Mpumalanga, karibu na mpaka wa Eswatini. Mwenye ramani na viatu vizuri hahitaji kiongozi. Majengo ya kale yamekaribiana, na nusu siku inatosha kwa asiyependa kukimbizana na saa.

Historia yake ni ya kasi. Mwaka 1883 Auguste Robert, ambaye wenzake walimwita French Bob, aligundua mwamba wa Pioneer katika bonde la De Kaap. Mwaka uliofuata Graham Barber na binamu zake walipata mwamba wao kwenye kijito cha Rimer. Kamishna wa migodi, David Wilson, akaupa mji jina lao kwa kupasulia chupa ya pombe kali juu ya jiwe. Mwaka 1885 Edwin Bray akagonga mwamba wa Sheba, na hapo ndipo watu walipofurika. Hoteli, vilabu vya pombe na masoko ya hisa vikaota ndani ya miezi. Kisha, mwaka 1886, dhahabu ya Witwatersrand ikajulikana. Hisa za Barberton zikaporomoka, na umati ukafunga virago kuifuata Johannesburg.

Ndiyo maana ninakushauri usikawie sana sokoni. Nenda Mtaa wa Bowness, kwenye nyumba ya Stopforth, ukae hapo kwa muda mrefu kuliko pengine popote. James Stopforth alikuwa mwoka mikate na mwenye duka la jumla. Alijenga kwa mbao na mabati mwaka 1886, akajenga upya mwaka 1892, na ukoo wake uliishi hapo hadi mwaka 1983. Hebu fikiria: madalali walidumu miaka michache tu, mwoka mikate na wanawe wakakaa karibu karne nzima. Aliyewahi kukaa machimboni Chunya au Geita haoni ajabu. Mchimbaji hula siku aliyopata na siku aliyokosa, na mama ntilie halazimiki kujua mwamba umekwenda upande gani. Kwangu mimi nyumba hii inaeleza uhai wa mji wa machimbo vizuri kuliko sanduku lolote la kioo lenye mawe ya dhahabu.

Unga wenyewe ulifika kwa taabu. Mbele ya jumba la mji ipo sanamu ya mbwa aitwaye Jock, ambaye Percy FitzPatrick alimwandikia kitabu kilichotoka mwaka 1907. Watoto hupenda kupigwa picha hapo. Mtu mzima na akumbuke kazi aliyokuwa akiifanya FitzPatrick: kusafirisha mizigo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, kabla reli haijafika. Njia ya Barberton ilikuwa na ndorobo, na ugonjwa wa nagana ulimmalizia ng'ombe wake.

Mtaa wa Lee una Belhaven, nyumba ya mwaka 1904 ya familia yenye uwezo, na Fernlea, ya mbao na mabati, iliyojificha kwenye kivuli cha miti. Katika mtaa huohuo kipo kibanda cha ulinzi cha mwaka 1901, kumbukumbu ya vita vya Waingereza na Makaburu. Ni mabati na mbao juu ya msingi wa mawe; kitazame kidogo, kisha uendelee.

Lakini nyumba zote tatu za makumbusho, ya Stopforth, Belhaven na Fernlea, ni nyumba za Wazungu. Waswazi walioshika sururu, pamoja na waliotembea kutoka Msumbiji, hawakuachiwa veranda ya kuhifadhiwa. Kuwatafuta ni kazi ya mgeni mwenyewe. Nenda eMjindini, mtaa wa Weusi ambao jina lake ni la enzi kabla ya Barber. Tafuta mabaki ya njia ya kamba za chuma iliyofunguliwa mwaka 1939, yenye urefu wa kilomita 20 hivi, iliyovusha asbesto juu ya milima kutoka mgodi wa Havelock, Swaziland ya wakati huo, hadi kituo cha reli hapa. Iliendelea hadi mwaka 2001. Vumbi la asbesto hubaki mapafuni, na ugonjwa wake huweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye.

Dhahabu yenyewe haijaisha. Katika mgodi wa Fairview, tangu mwaka 1986, bakteria hutumiwa kuvunja madini ya salfa yaliyoificha. Wapo pia wanaoshuka bila leseni, wale wanaoitwa zama zama, wakiwindwa na polisi.

Na upo mgodi wa Lily, upande wa Louw's Creek. Tarehe 5 Februari 2016 ardhi ilititia karibu na lango la mgodi. Kontena lililotumika kama chumba cha taa likazama na wafanyakazi watatu ndani. Makumi ya wenzao waliokuwa chini waliokolewa. Hao watatu hawakufikiwa, na miaka kadhaa baadaye familia zao zilikuwa zimepiga kambi nje ya mgodi zikidai wapendwa wao watolewe wakazikwe. Kwa miguu kutoka mjini hufiki huko. Tafuta gari, uende.